Mnara, Barabara na Miamba Yenye Kivuli: Shajara ya Usambara Mashariki

Jumapili: Muheza, Sigi, Amani

Basi la Amani liliondoka Muheza limejaa hadi mlangoni: magunia ya unga, mabati, matenga ya nyanya, vifaranga ndani ya boksi lenye matundu. Presi zetu za kukaushia mimea zilipandishwa juu ya kerea pamoja na machungwa ya watu. Magazeti ya zamani, ambamo tunalaza mimea, niliyapakata mwenyewe njia nzima. Wingu lilikuwa limekaa juu ya milima tangu asubuhi, na gazeti lililolowa halikaushi kitu.

Kazi tuliyoitiwa ni hii. Kuna kijiji upande wa juu wa Usambara Mashariki ambako simu haishiki mtandao. Kampuni moja inataka kusimamisha mnara juu ya mgongo wa mlima, ndani ya msitu wa kijiji unaopakana na Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, na kuchonga barabara ya kuufikia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka athari za mradi zijulikane kabla ya ujenzi kuanza. Sehemu yetu ndani ya tathmini hiyo ni mimea: kujua nini kimeota pale, kipi ni adimu, na kitapatwa na nini.

Jina la kijiji na la mgongo wenyewe sitaliandika. Wapo watu wanaong'oa mimea adimu na kuiuza kwa wapenda maua wa mbali, na maelezo ya mahali ndiyo wanayoyatafuta.

Sigi tulishuka kuandikisha majina kwenye lango la hifadhi. Jengo la kupokelea wageni lilikuwa la mkuu wa stesheni enzi za Wajerumani, reli ilipofika hapa kuchukua magogo. Kutoka Sigi barabara inapanda kona baada ya kona, joto la Muheza linabaki chini, na watu wanaanza kutoa masweta kwenye mifuko. Tulifika Amani giza limeshaingia.

Kiongozi wetu ni mwalimu wa botania aliyestaafu chuo kikuu. Sote tunamwita Mama. Kabla ya kulala alitukumbusha kwamba tuko mahali ambapo elimu ya mimea ya Afrika Mashariki ilipigiwa msingi. Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti hapa Amani mwaka 1902, na mkusanyo wa mimea mikavu ulioanzia hapa ndio uliohamishiwa Nairobi mwaka 1950 ukawa Hebaria ya Afrika Mashariki. Milima hii imepitiwa na wataalamu kwa zaidi ya miaka 100 na bado inatoa spishi ambazo hazina jina. Ndiyo sababu hakuna mtu mwenye haki ya kukaa ofisini akaandika kwamba mgongo fulani "hauna kitu".

Jumatatu: Ofisi ya kijiji

Huingii msituni kabla ya kusaini kitabu cha wageni. Mwenyekiti alikuwepo, mtendaji alikuwepo, kamati ya maliasili ilikuwepo, na nje ya dirisha walisimama watu ambao hawakualikwa ila walikuwa na haki ya kusikia kuliko sisi.

Mzee mmoja aliuliza swali la kwanza: "Mkiliona ua lenu huko juu, mtatuhamisha?"

Swali hilo lina historia. Si mbali na hapa ni Derema, ambako miaka ya 2000 wakulima zaidi ya elfu moja waliacha mashamba yao ya iliki ili msitu uliokatikakatika uunganishwe tena kuwa ushoroba. Walilipwa fidia ya mazao, lakini iliki ndiyo iliyokuwa ada ya shule na bati la nyumba, na simulizi za fidia ile bado zinasemwa kila jioni. Mama alimjibu taratibu kwamba hatukuja kupima mashamba, kwamba msitu ni wao na utabaki wao, na kwamba tutakachokiona watakisikia wao kwanza kabla hakijaandikwa kwenye ripoti yoyote.

Kisha akasimama muuguzi wa zahanati. Mama mjamzito akizidiwa usiku, alisema, yeye hupanda hadi kwenye jiwe moja juu ya shamba la migomba, kwa tochi, kutafuta mtandao wa kuita gari. Mvua ikiwa kubwa, jiwe halipandiki. Hakuongeza neno, akaketi.

Nayaandika haya yote mawili kwa sababu ndiyo yaliyotuongoza wiki nzima. Mnara unahitajika. Anayefikiri kazi yetu ni kuuzuia hajamsikia muuguzi yule.

Kamati ilitupa wenyeji wawili: kijana wa doria, na mzee aliyewahi kufanya kazi ya kuchagua miti enzi magogo yanakatwa hapa. Nilimpa shikamoo, naye baada ya marahaba akanisalimu Kisambaa, "Onga makeo," akangoja mpaka niitikie vizuri.

Jumanne: Kufuata vigingi

Wapima barabara walishapita. Mstari wa vigingi vyenye rangi nyekundu unaanzia mwisho wa shamba la chai na kupanda moja kwa moja hadi kileleni. Tuliufuata, tukikagua mita 10 kila upande. Miti yote yenye unene wa sentimita 10 na zaidi ilipimwa kwa utepe kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, na mimea ya chini iliandikwa kituo kwa kituo, kila mita 50.

Sehemu ya kwanza ilikwenda haraka, na haikunifurahisha. Karibu kila mti mrefu ni Maesopsis eminii. Kule Kagera na Uganda mti huu uko nyumbani kwao na una heshima yake. Hapa uliletwa kupandwa, kisha ukataji magogo ulipofungua msitu ukaingia kila penye mwanga. Hondohondo hula matunda yake na kusambaza mbegu, kwa hiyo hata penye ulinzi mzuri unajipanda wenyewe. Chini yake kulikuwa na Clidemia hirta, kichaka cha Amerika chenye majani ya manyoya na vitunda vya zambarau, kimejaa pande zote za njia ya miguu. Ukitaka kujua barabara inaufanyia nini msitu wa namna hii, usiangalie upana wa tingatinga. Angalia Clidemia imeingia umbali gani kutoka kwenye njia ambayo hata baiskeli haipiti.

Baada ya mteremko wa kwanza mambo yakabadilika ndani ya hatua chache. Giza, ubaridi, ardhi inayobonyea chini ya buti. Mzee alisimama kwenye mti uliokuwa mpana kuliko sisi wanne tukiwa tumeshikana mikono, akachanja gome kidogo kwa ncha ya panga na kungoja utomvu. Ulitoka mwekundu. "Mtambaa," akasema.

Kitabuni ni Cephalosphaera usambarensis, wa ukoo mmoja na kungumanga. Jenasi yake nzima ina spishi hii moja tu, nayo ni ya misitu yetu ya Afrika Mashariki. Mzee alisema miti ya namna hii ndiyo waliyokuwa wakiitafuta zamani, kwa kuwa ilinyooka na ilitoa mbao nyingi. Hakusema kwa kujuta wala kwa kujisifu. Alikuwa anatueleza kwa nini kule chini hatukuuona mtambaa.

Tukakuta mnyasa, mbarika (mti mkubwa wa msituni, si ule wa nyonyo), na msambu, Allanblackia stuhlmannii, ambao hauoti popote duniani nje ya Milima ya Tao la Mashariki ya Tanzania, ambayo Usambara ni sehemu yake. Matunda ya msambu yalikuwa yameanza kudondoka, makubwa ya kahawia, mengine ya uzito wa kilo kadhaa. Akina mama wa vijiji vya hapa huokota mbegu zake na kuziuza kwa mafuta. Miti hii ina dume na jike, na jike ndilo linalozaa. Kwa hiyo nilimwomba kijana wa doria atuonyeshe ni mingapi kati ya iliyo kwenye mstari wa vigingi inajulikana kuzaa. Aliijua yote, mmoja mmoja, pamoja na jina la mama anayeokotea chini yake. Taarifa hiyo haipo kwenye hebaria yoyote. Niliiandika kwenye safu yake yenyewe.

Jioni tulikausha sampuli juu ya jiko la mkaa, kwa zamu. Kila tawi linalazwa ndani ya gazeti, kadibodi huku na huku, kamba inakazwa, na lebo inaandikwa palepale: mahali, mwinuko, rangi ya ua kabla halijanyauka, harufu, utomvu, jina la Kisambaa. Mmea mkavu hauna rangi wala harufu. Usipoandika leo, kesho umepoteza nusu ya mmea.

Jumatano: Mvua

Haikukatika. Wingu lilishuka hadi kwenye paa na hatukutoka.

Mhandisi wa mradi aliwasili mchana kwa pikipiki, gambuti zimejaa maji. Ni kijana makini, na kwa kweli nilimpenda kwa maswali yake. Aliuliza kwa nini tusihamishe tu mimea adimu, tuipande pengine, barabara ipite. Mama alimsimulia Kihansi.

Kule Udzungwa, katika miaka ya 1990, bwawa la umeme lilikuwa tayari linajengwa ndipo wataalamu walipogundua, mwaka 1996, chura mdogo wa rangi ya dhahabu aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko na si kwingineko duniani. Alipata jina la kisayansi mwaka 1999. Mwaka 2000 mitambo ilichukua maji, manyunyu yakakauka. Ikabidi zifungwe bomba za kunyunyizia maji korongoni, na vyura wapatao 500 wakapelekwa Marekani kulelewa. Mwaka 2009 walitangazwa kwamba wametoweka katika mazingira yao ya asili, na tangu 2012 wanarudishwa kidogokidogo. Watu wengi wanakijua kisa cha chura. Wachache wanajua kwamba korongo lilelile lina mbuni wake wa mwituni, yaani mti wa kahawa, Coffea kihansiensis, ambao ulipewa jina mwaka 2004, mitambo ikiwa imeshazunguka miaka minne.

"Umeme wenyewe tunauhitaji," Mama alimwambia. "Megawati 180 si kitu cha kubeza. Lakini yangetafutwa haya kabla ya mchoro kukamilika, gharama ingekuwa ndogo sana, mwanangu, kwa fedha na kwa uhai."

Mhandisi alinyamaza, kisha akafungua ramani yake mezani na kutuuliza tumeishia kigingi cha ngapi.

Alhamisi: Korongoni

Kulikucha kweupe. Mhandisi alikuja nasi.

Juu ya ule msitu wa mitambaa, mstari wa vigingi unavuka korongo lenye kijito. Kijito hicho kinaishia mto Sigi, na Sigi ndio unaonywesha jiji la Tanga. Vigingi vinapita juu ya ukingo, na mchoro unaonyesha kwamba mlima utakatwa hapo na kifusi kusukumwa upande wa chini. Mama alituambia tuache mstari na tushuke hadi kwenye maji, kwa sababu mimea haijui mita 10 zetu.

Miamba ya huku ni ya zamani mno, migumu, na upande usiopigwa na jua umefunikwa na kuvumwani, ule ukoga wa kijani wa mawe yenye unyevu. Hapo ndipo tulipoziona Saintpaulia. Majani manene yenye vinyweleo, yamejipanga mviringo na kubana mwambani, na katikati maua ya buluu inayoelekea zambarau, kila moja na vifuko viwili vya njano vya chavua. Mwamba mmoja, halafu wa pili, halafu ukuta mzima wenye urefu wa nyumba. Tulihesabu zaidi ya mashina 100 tukiwa hatujafika mwisho.

Mhandisi alisema mke wake ana ua kama hili dirishani, alilinunua Dar es Salaam kwenye chungu cha plastiki. Ni kweli, na ndugu zake wako kwenye madirisha ya Ulaya na Amerika kwa mamilioni. Mwanzo wa biashara hiyo ni mbegu zilizotoka Usambara mwishoni mwa karne ya 19. Ofisa wa Kijerumani aliyekuwa akitawala huku, Walter von Saint Paul-Illaire, alizituma kwa baba yake Ujerumani, na Hermann Wendland akautangaza mmea kwa jina la Saintpaulia ionantha mwaka 1893. Siku hizi wataalamu wameuingiza ndani ya jenasi ya Streptocarpus. Ua la dirishani lina maji ya bomba na mtu wa kulitazama. La mwambani halina mizizi ya kuingia ndani, halina akiba, linaishi kwa unyevu wa hewa na kivuli cha miti iliyo juu yake. Ukikata mitambaa ile ya ukingoni, hata bila kugusa mwamba, jua litaingia saa sita mchana, kuvumwani itakauka, na ua nalo litakauka.

Na kuhamisha? Mama alimwonyesha mhandisi miamba miwili iliyoachana mita chache, mmoja umejaa, mwingine mtupu. Yote miwili inaonekana sawa machoni petu. Mmea umechagua mmoja, na hatujui kwa nini. Huwezi kumhamishia mtu kwenye nyumba ambayo ameshaikataa.

Tulichukua jani moja na ua moja tu, ndani ya kichupa cha spiriti, na hata hivyo ni kwa sababu mashina ni mengi. Kanuni tunayoifuata ni kutochukua zaidi ya mmoja kwa kila 20, na panapokuwa na machache tunapiga picha tu. Kinyonga mwenye pembe tatu alikuwa kwenye tawi juu ya vichwa vyetu muda wote huo. Kijana wa doria alimwona mwishoni, tulipoinuka.

Ijumaa: Kileleni

Nusu siku, kwa kuwa mzee na kijana walitakiwa kuwahi msikitini.

Eneo la mnara lenyewe, nasema kwa moyo mweupe, si tatizo kubwa. Upepo umefanya miti kuwa mifupi, mingi ni mikumba na vichaka vya kawaida, na patakapofyekwa ni padogo. Tulikagua kila hatua ya pale. Kinachoua ni barabara.

Kitu kimoja kilitusimamisha. Kichaka cha kimo cha kiuno, majani yanayokabiliana mawilimawili, na kati ya vikonyo kijijani kidogo cha pembetatu: ukoo wa mibuni bila shaka. Kilikuwa na mashina machache tu, pembeni kabisa ya kileleni, bila ua wala tunda. Mzee hakikumbuki kwa jina, naye amekumbuka karibu kila kitu. Mama alikitazama kwa lenzi ya mkononi kwa muda mrefu, akasema tu, "Hiki sikijui." Ukoo huu una mamia ya spishi Afrika Mashariki, na bila ua kuutenganisha mmoja na mwingine ni kubahatisha. Tumepiga picha, tumechukua mahali kwa jipiesi, hatukukata hata jani.

Hapa ndipo ninapotaka wanaoandika hadidu za rejea watusikie. Ukaguzi wa siku chache ndani ya msimu mmoja unaweza kusema kipo. Hauwezi kusema hakipo. Kuna okidi hapa ambazo kwa miezi kadhaa ni mizizi na majani mawili juu ya tawi, huzioni mpaka zichanue. Tumekuja vuli. Masika yatakuwa na orodha nyingine. Lakini mkataba uliotuleta umeandikwa safari moja, tarehe zimepangwa kwa kufuata malipo ya mkandarasi, na vigingi vimetangulia. Utaratibu huo umekaa kinyume, na nimeukuta mahali pengi.

Wakati wa kushuka mzee alitupitisha upande mwingine, kwenye njia ya zamani ya magogo. Imefungwa na Maesopsis tangu ilipoachwa, lakini tuta lake lipo na halivuki korongo. Inazunguka, ni ndefu zaidi, na inaishia chini kidogo ya kilele. Mhandisi aliipima mwinuko wake kwa muda mrefu bila kusema lolote.

Jumamosi: Mkutano

Tulitimiza ahadi. Kabla ripoti haijaandikwa, tulisimama mbele ya kijiji na kueleza tulichokiona, kwa lugha ya kawaida, tukipitisha picha kwenye simu mkono kwa mkono. Mahali pa korongo hatukupataja, na kamati iliafiki.

Mapendekezo yetu ni mawili. La kwanza ni barabara kufuata njia ya zamani ya magogo, na kipande cha mwisho kiwe cha miguu. Vyuma vya mnara vibebwe kwa mabega, kazi ambayo vijana wa kijiji walipwe ujira wake na kampuni. La pili ni mnara kuhamia mgongo wa chini, ukingoni mwa chai, ambako barabara ipo tayari.

Mhandisi alizungumza kwa uwazi. Jenereta inakula dizeli, na dizeli haibebwi mabegani miaka 20. Umeme wa jua ungesaidia, lakini mgongo huu una ukungu siku nyingi, na paneli zinataka miti ifyekwe zaidi. Mgongo wa chini kwake ni rahisi kuliko yote, ila mahesabu yake yanaonyesha kwamba kitongoji cha juu kitabaki bila mtandao.

Mwanamke mmoja wa kitongoji hicho akasimama. "Kwa hiyo ua lipate kivuli, sisi tukose simu?" Hakuna aliyecheka, na hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu jepesi. Muuguzi ndiye aliyesaidia. Aliuliza kama inawezekana mnara mkubwa ukae chini na kifaa kidogo cha kuongeza mawimbi kiwekwe kwenye kitongoji, juu ya paa la shule. Mhandisi alisema inawezekana, lakini lazima apime kwanza. Alimwahidi yule mama wa kitongoji kwamba atapimia nyumbani kwake.

Vigingi vya juu ya korongo vitang'olewa kwa vyovyote. Hilo mhandisi ameliandika na kusaini mbele ya mwenyekiti. Sampuli zetu zinakwenda Arusha kwenye Hebaria ya Taifa, nakala Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nimeomba safari ya masika iingizwe kwenye mkataba kwa ajili ya kile kichaka kisicho na jina, na kijana wa doria amechukua jukumu la kukipitia kila wiki na kupiga picha siku atakapoona chipukizi la ua. Picha atazituma kutoka kwenye jiwe la muuguzi, mvua ikiruhusu.